Borobudur: nani apande, na kwa masharti gani?

Juni 2022 serikali ya Indonesia ilitangaza kwamba mgeni anayetaka kupanda hekalu la Kibuddha la Borobudur atalipa dola 100, na mwenyeji rupia 750,000. Watu wakaja juu. Bei hiyo iliahirishwa, kisha ikaachwa. Kilichobaki ni kikomo cha idadi, kilichoanza na watu 1,200 kwa siku: watu hupanda kwa zamu, wakiongozana na mwongoza watalii na wamevaa ndala za majani ya mkadi ziitwazo upanat, ili soli ngumu zisisage mawe.

Wanaotetea kikomo wana hoja nzito. Hekalu hili la Java, la karne ya 8 na 9, limejengwa kwa mawe ya volkano yaliyopangwa juu ya kilima bila saruji. Ukarabati mkubwa uliosaidiwa na UNESCO ulikamilika 1983, lakini ngazi iliyolika imelika. Kabla ya Uviko mamilioni ya watu walipita hapo kila mwaka, wengine wakikwea stupa, yale majengo ya mawe yenye umbo la kengele, ili wapigwe picha, wengine wakipenyeza mikono kwenye matundu yake kugusa sanamu ya Buddha kwa kutafuta bahati.

Ila Borobudur haina ukumbi wa ndani. Ibada yake ni mwendo: unazunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia, daraja kwa daraja, ukiyafuata maisha ya Buddha yaliyochongwa ukutani, mpaka kwenye stupa 72 za juu. Mwenye tiketi ya kuishia uwanjani ameona kilima cha mawe tu. Na hata anayepanda hubanwa na muda wa zamu. Mimi ningeumaliza wote kwenye michongo ya merikebu zenye matengo kama ya ngalawa zetu. Chombo kilichoundwa kwa kuiga mchongo mmojawapo kiling'oa nanga Jakarta 2003, kikatia nanga Ghana 2004.

Pamoja na hayo, kikomo cha idadi kina haki kuliko bei. Dola 100 zingemzuia mwenye kipato kidogo aliyejitahidi kufika, zikampisha mwenye fedha, na jiwe halijui nani kalipa ngapi.

Gumu zaidi ni suala la waumini. Wabuddha hawafiki hata asilimia 1 ya Waindonesia, lakini makubaliano ya serikali ya Februari 2022 yalilitambua hekalu kuwa mahali pa ibada kwa Wabuddha wa nchini na wa dunia nzima. Mwenye kusali haendi kwa kuangalia saa. Ningekuwa mimi, nafasi za alfajiri ningewatengea wao, watalii tukaingia jua likishapanda. Wasimamizi watanung'unika, maana macheo huvuta watalii na yana pesa.