Kasparov Kazidiwa, Mimi Nalala Njaa

Jamani, umetoka zako kijiweni Ngamiani, barabara ya 12, umeshaliwa drafti na kuzomewa juu, unarudi nyumbani moyo uko kwenye wali wa nazi na mchuzi wa papa. Unamkuta mama watoto na binti yako wameinamia simu. Simu yangu. Bando langu. Jiko halijawashwa.

"Shikamoo baba. Ngoja kidogo, Judit anafungua."

Anafungua nini, duka?

Kumbe chesi! Mechi ya Moscow mwaka 2002, Judit Polgár wa Hungaria na Garry Kasparov, namba moja wa dunia enzi hizo. Mechi imeisha zamani, matokeo yanajulikana, wao wanairudia hatua kwa hatua na wali haupo.

Nikaketi nimtetee mwanamume mwenzangu. Judit ana nyeupe, kasogeza askari wa mbele ya mfalme, Kasparov kamjibu kwa ulinzi wa Berlin, yaani mpangilio wa kujikinga wa mwenye nyeusi. Ati ulinzi huohuo Vladimir Kramnik, Mrusi mwenzake, ndio aliomkwamisha nao London mwaka 2000, akampokonya ubingwa. Sasa wewe, sumu iliyokuua, unaenda kuinunua mwenyewe?

Hatua ya nane malkia wakalana, wote wawili nje. Nikapiga kofi la furaha: "Haya! Wanawake wametoka, sasa tuongee wanaume." Mama watoto akanikata jicho. Nikajifanya nakohoa.

Maana kumbe balaa ndiyo inaanza. Kumla malkia wa Judit, mfalme wa Kasparov alitoka mwenyewe, na mfalme akishasogea haruhusiwi tena kwenda kujificha pembeni na ngome yake. Yuko hapo katikati, mtu mzima, Judit anamsukumia kete tu. Na kimya! Sisi kwenye drafti mtu akikufunga unamsikia mpaka barabara ya 21. Hawa wanauana bila hata "pole". Mchezo gani huo usio na matusi?

Hatua ya 42 Kasparov akanyoosha mikono. Mama na mwana wakagongeana viganja, tena mbele yangu.

Nikasema sawa, kashindwa, Mungu ndiye mpaji, pakueni tule.

"Bado, baba. Tunaupanga tena ule ufunguzi kwenye ubao. Njoo, wewe ndiye Kasparov."