Kopo la mdomo mwembamba: wanafunzi wa udaktari wanadai nini katika patholojia

Madaktari wakubwa wakikaa kuzungumzia vijana walioko vyuoni, hukumu moja hurudi kila mara: wanafunzi wa siku hizi hawaitaki patholojia, elimu ya namna maradhi yanavyoubadilisha mwili, wanataka njia ya mkato. Mihadhara wanaiona mirefu, majina wanayaona mengi, usiku dakhalia wanaangalia video za Wamarekani, kisha wakifika wodini hawajui kwa nini ini limevimba. Nimeyasikia tena karibuni kwa mtu ninayemheshimu, na kwa umri wake sikumjibu pale pale. Najibu hapa, kwa adabu, kwa sababu naona vijana hawa wanasingiziwa.

Wale niliozungumza nao, hapa Unguja na wachache wa Pemba waliokuja likizo, hakuna aliyeniambia patholojia ipunguzwe. Malalamiko yao ni mengine. Wanaisoma mwaka wa pili na wa tatu bila mgonjwa, na wakikutana na mgonjwa mwaka wa nne, patholojia haipo tena. Picha wanazooneshwa ni za vitabu vya nchi za baridi. Na somo linaishia kwenye slaidi, kile kioo cha hadubini, iliyokwisha kupakwa rangi, kana kwamba kinyama, kipande kinachokatwa mwilini kwa uchunguzi, kilijileta chenyewe maabara.

Hilo la mwisho linanigusa, na nina sababu.

Nilipokuwa daktari mpya katika hospitali moja ya Pemba, nilimkata mama mmoja mwenye uvimbe kwenye titi kipande cha uchunguzi. Kipande kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotarajia. Kopo lililokuwepo lilikuwa la mdomo mwembamba, nikakisukuma kwa kidole mpaka kikaingia. Nikatia formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, iliyokuwa imebaki, ikafika nusu ya kipande. Kwenye fomu nikaandika maneno mawili: uvimbe titi. Kopo likapanda boti asubuhi ya pili yake kwenda Unguja. Majibu yalipokuja yalisema kinyama kimeharibika, hakisomeki, tafadhali kata kingine. Mama alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, kwani ile nyama ya mwanzo imeenda wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba niliiharibu mimi. Tukamkata mara ya pili.

Patholojia nilikuwa nimefaulu vizuri. Ungeniamsha usiku ningekutajia aina za kufa kwa seli, na ningekueleza kwamba tishu iliyokatiwa damu huanza kuliwa na vimeng'enya vyake yenyewe. Niliyaandika hayo kwenye mtihani. Sikujua kwamba ndiyo yaliyokuwa yakitokea ndani ya lile kopo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniwekea kopo mezani.

Hesabu yake ni ndogo. Formalini inatakiwa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Inapenya nyama kwa takriban milimita 1 kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyozidi kuchelewa. Sasa chukua titi lililoondolewa lote, lenye unene wa sentimita 10. Hata likielea kwenye ndoo iliyojaa, formalini ikiingia kutoka pande zote mbili, itahitaji zaidi ya siku mbili kufika katikati. Huko ndani ndiko uvimbe huwa mara nyingi, na sisi tunaishi kwenye joto la Chake Chake. Ndiyo maana kipande kikubwa hukatwakatwa kama bofulo bila kuachanishwa, kwa namna ambayo kingo zake bado zitajulikana, kisha ndipo kitiwe dawa. Kopo nalo liwe na mdomo mpana, kwa kuwa nyama huingia laini na kutoka ngumu. Mambo haya yanafundishika kwa nusu saa. Kutoyajua kunamrudisha mgonjwa mezani. Kwa mwenye saratani, wiki zinazopotea kati ya kisu cha kwanza na cha pili huenda zisirudi.

Kila nikilifikiria lile kopo nalirudia, kwa sababu ndilo linaloonesha uhusiano ambao wanafunzi wanaulilia. Daktari wa kawaida wa wilaya hatasoma slaidi maisha yake yote. Atakata kinyama, atajaza fomu, atapokea ripoti, atamweleza mgonjwa. Hizo ndizo kazi zake nne za patholojia, na mitihani yetu inazigusa kidogo mno.

Upande wa walimu una hoja, na si hoja za uvivu. Wataalamu wa patholojia ni wachache Tanzania nzima. Anayefundisha mchana ndiye aliyeamka na trei ya slaidi za wagonjwa zinazosubiri majibu. Mhadhara mmoja unafikia darasa zima kwa saa mbili. Vikundi vya wanafunzi wanane wanane, kila kimoja na kisa chake na mwalimu wake, vinahitaji watu ambao hatunao. Kumwambia mwalimu huyo abadilishe kila kitu ni rahisi kwa asiyeifanya kazi yake.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Patholojia ya jumla, yaani uvimbe wa maradhi (ule wa mwili kujikinga), kupona kwa kidonda, kuganda kwa damu, kukua kwa saratani, ndiyo sarufi ya tiba yote. Ukiivunja ukaisambaza ndani ya visa, mwanafunzi anaweza kuyajua maradhi matano kwa undani na akashindwa kufikiri mbele ya la sita. Nimewaona vijana wa namna hiyo. Wanajua kisa, hawajui sababu. Kwa hili nakubaliana na walimu moja kwa moja: mihadhara ya msingi ibaki, na ibaki kwa mpangilio wake.

Wapo pia wanafunzi wanaosema hadubini ni kupoteza muda. Hawa siwaungi mkono. Aliyeiona kwa jicho lake saratani iliyobaki ndani ya utando wake, kisha akaiona nyingine iliyoutoboa ule utando na kuingia nyama ya jirani, hataichanganya ripoti mbele ya mgonjwa. Asiyeona atasoma maneno yote mawili kama saratani tu, na atamtisha mtu au kumtuliza bila haki.

Lakini hoja hizo hazifikii shutuma ya kwamba vijana wanataka mkato. Wanachokidai ni cha zamani kuliko mhadhara wa leo. Morgagni, daktari wa Padua huko Italia, mwaka 1761, alikusanya visa vya wagonjwa karibu 700, na katika kila kimoja akaunganisha alichokilalamikia mtu akiwa hai na kilichoonekana kwenye kiungo chake baada ya kufa. Mwanafunzi anayesema nioneshe kiungo na mwenye kiungo anadai njia iliyoifanya patholojia iwe elimu.

Hapa mtu ataniuliza habari ya maiti. Visiwani mwetu maiti huzikwa haraka, na hadithi ya Mtume ya kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai inajulikana kila nyumba. Mafakihi wameruhusu upasuaji wa maiti pale penye haja ya kweli, lakini hautakuwa darasa la kila wiki, na sijamsikia mwanafunzi mmoja anayelitaka hilo. Wala haliwezi kuwa kisingizio. Kila wiki vyumba vya upasuaji vinatoa tezi la shingo, fuko la uzazi lenye uvimbe, tezi dume, kidole cha mwenye kisukari. Viungo hivyo vinatoka kwa watu wanaoweza kuombwa ridhaa, na ambao hadithi ya maradhi yao iko kwenye faili. Vikishachukuliwa vipande vya uchunguzi, vilivyobaki vingeweza kukaa kwenye mtungi wa makumbusho ya darasa badala ya kutupwa.

Na kuna kichocho. Sijui mahali pengine patholojia ilipotuwekea darasa karibu na mlango namna hii. Mtoto wa Pemba anaoga kijitoni penye konokono, baada ya muda anakojoa damu. Mayai ya mnyoo wa kichocho, yenye mwiba mkiani, yamekwama kwenye ukuta wa kibofu, mwili unayazingira kwa seli zake, kovu linafanyika, chokaa inakaa, na kwa baadhi yao, miaka mingi baadaye, seli za ukuta ule zinageuka saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtia mnyoo huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994. Ndani ya ugonjwa mmoja una uvimbe wa maradhi, kovu, kubadilika kwa seli na saratani, sura nne za kitabu. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, Wawi huko Pemba, imekuwa ikifanya kazi ya kichocho na minyoo tangu mwaka 2000. Hata hivyo mwanafunzi wetu anajifunza chembe za kuzingira (granuloma) kwa mfano wa ugonjwa wa mapafu wa Ulaya ya Kaskazini, ambao huenda asiuone milele. Saratani ya kibofu anaisoma katika sura yake ya wavutaji sigara wa Marekani, ile ya seli za utando wa njia ya mkojo, wakati ile inayofuata kichocho ni ya seli bapa. Kijana aliyeniambia "daktari, nasoma maradhi ya watu wengine" hakuwa akikwepa kusoma.

Uhaba wa walimu haupingi lolote kati ya haya. Mtungi haupokei mshahara. Fundi wa maabara anayepokea makopo kila siku anaweza kuwafundisha wanafunzi watano asubuhi moja mambo ambayo profesa hana nafasi nayo: lipi lilikuja sawa, lipi lilikuja limeoza, fomu ipi imemsaidia msomaji na ipi imemwacha gizani. Mwanafunzi mmoja wa kike alikaa kwenye kaunta hiyo kwa bahati tu, siku tatu, akimsubiri mwalimu aliyesafiri. Aliniambia alijifunza pale kuliko muhula mzima. Anatia chumvi, lakini si nyingi.

Kwa mzee wangu niliyeanza naye, sina la kuomba zaidi ya nusu saa. Ule mhadhara wa saa mbili juu ya kufa kwa seli uishie saa moja na nusu. Asubuhi hiyo mtu apite soko la Darajani anunue ini la ng'ombe. Kipande kimoja kikatwe chembamba kitiwe kwenye kopo la mdomo mpana lenye formalini ya kutosha, cha pili kisukumwe kizima kwenye chupa ya mdomo mwembamba yenye formalini kidogo, cha tatu kiachwe kwenye maji. Makopo yakae juu ya meza usiku kucha, madirisha yamefungwa, na darasa lirudi kesho yake wavipasue vile vipande katikati, waangalie rangi ya ndani, wakinuse kile cha majini.