Mwacheni kijana akimbie polepole

Juzi jioni pale uwanja wa Gombani, Chake Chake, Pemba, nimemsikia mwalimu mmoja wa mbio akimfokea kijana aliyerudi kutoka Vitongoji kwa mwendo wa pole: "We, ulikwenda mazoezini au ulikwenda kumtazama bibi yako?" Wenzake wakaangua kicheko. Kijana hakujibu. Akafunga upya kamba za raba, akatiwa uwanjani kupiga raundi za mita 400 mpaka akashika magoti na kutema mate mazito. Huo ndio ubora, nikaambiwa. Mambo ya kilomita nyingi yamepitwa na wakati.

Yamepitwa na nani? Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Kenya, enzi zake alikuwa akikimbia kilomita 200 mpaka 220 kwa wiki. Siku zake za kukaza zinajulikana: Jumanne kiwanjani, Alhamisi masafa marefu, Jumamosi kuchezesha spidi. Zilobaki zilikuwa za pole, na akianza kwa kujikokota hasa, alfajiri, na baridi ya Kaptagat. Angepita mbele ya mwalimu wetu, naye angeulizwa habari za bibi yake.

Mbio za mita 10,000, anazokimbia kijana yule, zinakwenda kwa pumzi karibu mwanzo mpaka mwisho. Moyo wa kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na vijishipa vya kuifikisha damu hiyo ndani ya misuli, vinataka masaa ya barabarani, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka. Arthur Lydiard kule New Zealand aliwapa vijana wake maili 100 kwa wiki, yaani kilomita 160, akiwemo Peter Snell. Snell alikuwa mtu wa mita 800! Akachukua dhahabu Rome 1960, akenda Tokyo 1964 akachukua mbili. Mita 800, jamani, na sisi kijana wa kilomita 10 tunamcheka kwa kwenda Vitongoji na kurudi.

Halafu huo ubora wenyewe mnaupata wapi? Kijana aliyekamuliwa Jumatatu, akakamuliwa Jumanne, ikifika siku ya kukaza kweli hana cha kukazia. Na hapa kwetu kaskazi ikishapamba moto, moyo unakwenda mbio kwa kuupoza mwili tu, hata kabla hujaongeza spidi. Muda wa kukimbia wa Iten kule Kenya, mita 2,400 juu kwenye kibaridi, hauletwi Chake ukabandikwa kama ulivyo.

Haya, Sebastian Coe, yule Mwingereza, najua mtamtaja. Kilomita zake zilikuwa chache kuliko za wengi wa zama zake, na dhahabu mbili za Olimpiki za mita 1500 anazo. Nakubali, kwa shingo upande. Hakuwa mtu wa marathoni. Kelvin Kiptum naye, Mungu amrehemu, alikimbia marathoni kwa 2:00:35 Chicago 2023 baada ya wiki nyengine za zaidi ya kilomita 300, na kocha wake mwenyewe alikuwa na hofu kwamba atavunjika mapema. Hayo simtakii mtoto wa mtu.

Kuna na wanaonitupia Alphonce Simbu wetu: si kamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia pale Tokyo 2025? Si spidi hiyo? Spidi, ndiyo. Lakini imetoka baada ya kilomita 42, na walioishiwa njiani hawakupata hata nafasi ya kuionesha yao.

Ila na sisi watu wa kilomita tuna deni letu. Kijana yule asubuhi anabeba matofali, usiku anakula muhogo na chai ya rangi, kisha tunamwandikia kilomita 160. Wenye kamati, na wale wanaopiga naye picha akishinda, watwambie: samaki, maziwa na saa mbili za kulala mchana atalipa nani?