Mkono wa mwalimu uonekane hadi dawati la nyuma

Mwalimu wa gredi ya kwanza anapoandika herufi ubaoni, watoto wengi huona mgongo wake tu. Anapopisha, herufi iko pale, imeshakamilika. Kile ambacho mtoto wa miaka sita alihitaji kukiona, kwamba chaki ilianzia wapi, ikazungukia upande gani, ikashuka hadi wapi na ikainuliwa lini, kimepita nyuma ya bega la mwalimu. Walio mbele huambulia kidogo. Wa nyuma hukisia. Ukiwapitia baadaye utakuta wengine wameianza "a" kutoka mkiani kwenda juu, na wengine wametangulia kuchora kijiti cha "d", wakafika kwenye tumbo wasijue ni la upande gani, ndipo ikawa "b".

Ninafundisha gredi za chini hapa Pwani, katika shule ya umma, na darasa langu lina watoto zaidi ya sitini. Ninaitetea kamera ya mezani kwa moyo wangu wote, na sababu yangu ni hiyo moja: inaufikisha mkono wa mwalimu, ukiwa kazini, machoni pa mtoto aliyeketi nyuma kabisa.

Kwa asiyeijua, ni kamera ndogo iliyokaa juu ya shingo inayokunjika, ikitazama chini mezani. Waya wa USB unaiunganisha na kipakatalishi, projekta inapeleka picha ukutani. Mwalimu anaweka daftari chini yake na kuandika, na darasa zima linauona mkono wake wakati huohuo. Si kitu kigeni duniani. Kampuni ya Elmo ya Nagoya, Japani, na WolfVision ya Austria zilionyesha kamera za aina hii katika maonyesho ya vifaa vya picha ya Photokina mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1988, na shule za msingi za Japani zimezizoea kwa miaka mingi. Kwetu Kenya, nusu ya safari tumeshaifanya bila kuitambua. Mpango wa serikali wa vishikwambi ulioanza mwaka 2016 haukuleta vishikwambi pekee. Shule zilipokea pia vipakatalishi vya walimu na projekta. Katika shule ninazozifahamu, ile projekta hutolewa kabatini siku ya mkutano wa wazazi, ikarudishwa na kufungiwa jioni.

Ubao una upungufu mwingine, hata mwalimu awe hodari vipi. Ubao umesimama wima, daftari limelala. Ubaoni naandika kwa bega na kiwiko, herufi yenye urefu wa shubiri. Mtoto anaandika kwa vidole, herufi ndogo kuliko punje ya mahindi, juu ya mstari uliochapwa tayari, na anatakiwa ajue kwamba mkia wa "g" unashuka chini ya mstari huo. Tunamtwika kazi ya kukipunguza alichokiona, kukilaza, na kukikalisha mahali pake, kabla hata hajaanza kuandika. Wapo wanaoimudu kazi hiyo. Wasioimudu tunawaita wazito, na mimi siamini kwamba ni wazito.

Chini ya kamera natumia daftari lilelile la kurasa 48 alilo nalo yeye, na penseli kama yake. Mkono wa kushoto unalishikilia daftari lisiteleze, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeishika penseli, na sauti yangu inasema kila kinachotendeka: naanza hapa, nazunguka kushoto, nashuka, napita mstari, nakunja, nainua. Mtoto anatazama ukutani, anarudi kutazama daftari lake, na hivyo viwili vinafanana. Tena nimeketi nikiwaelekea. Naona nani amepotea na nani ameanza kumchokoza jirani yake, jambo ambalo siliwezi nikiwa nimegeukia ubao.

Wiki tuliyofundisha silabi za ng', nilishangaa jinsi madaftari mengi ya madawati ya nyuma yalivyokuwa na "ngombe" na "ngambo", bila kibainishi. Ubaoni nilikuwa nimekiandika vizuri. Siku iliyofuata nikaandika "ng'ombe" chini ya kamera, nikaikuza picha mpaka ile alama ikawa na urefu wa mkono wa mtoto, kisha nikaliandika neno tena pembeni, polepole: n, g, naiinua penseli, natia alama juu, ndipo naandika o. Mvulana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ni ya kuandikwa, ticha! Mimi nilidhani ni chaki imedondoka." Mtoto huyo alikuwa ananakili kwa uaminifu kabisa kile alichokiona. Yaliyopungua hayakuwa maarifa ya mwalimu wala bidii ya mwanafunzi.

Yupo pia msichana anayetumia mkono wa kushoto. Nyumbani walikuwa wakimhimiza ahamie kulia, na darasani kila mfano aliouona ulitoka kwa mkono wa kulia, maana mimi sijui kuandika kwa mwingine. Nikamwomba aje aketi penye kamera. Tukaliinamisha daftari lake upande wa kulia ili mkono upite chini ya mstari usifute alichokwisha kuandika, na akaandika jina la mama yake huku darasa zima likitazama. Wavulana wawili wanaotumia mkono wa kushoto wakageuza madaftari yao wenyewe, bila kuambiwa. Mimi nisingeweza kuwaonyesha jambo lile hata kama ningekesha nikilieleza.

Katika hesabu, nifundishapo kutoa kwa kukopa, naweka vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa mpira. 34 toa 18. Mafungu matatu na vijiti vinne vilivyo peke yake. Kutoka vinne huwezi kutoa vinane. Basi nafungua fungu moja, mpira unaruka, vijiti kumi vinasambaa mezani, na sasa vilivyo peke yake ni kumi na vinne. Watoto wanaviona vikisambaa. Wanahesabu pamoja nami vinane vikiondoka, sita vikibaki, kisha fungu moja linaondoka na moja linabaki. Ubaoni, kukopa ni tarakimu iliyokatwa na kuandikiwa nyingine ndogo juu yake, na mtoto anaikariri kama amri. Anayekariri amri huisahau likizoni.

Sarafu nazo zinafaa sana. Zile zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Mtoto akitumwa dukani anazishika, lakini hajapata kuzitazama hivi, zikiwa zimejaa ukuta, tukijumlisha simba wawili na kifaru mmoja. Na haragwe lililolowekwa usiku kucha, ukilipasua chini ya kamera, vile vijani viwili vilivyojikunja ndani vinaonekana na kila mtu kwa mara moja. Bila kamera ningelizungusha dawati hadi dawati mpaka livunjike, au watoto sitini wanisonge mezani.

Hata hivyo matumizi ninayoyathamini kuliko yote ni kuonyesha kazi za watoto wenyewe. Mtoto anapoliona daftari lake ukutani, na mwalimu anauliza darasa "Mwenzenu hapa amefanyaje?", kile alichokiandika kinakuwa kitu cha kufikiriwa na watu. Kinaacha kuwa kitu cha kupigiwa alama tu. Lakini hapa nina msimamo mkali. Mtoto aombwe ruhusa kwanza, na akikataa yaishe. Jina lifunikwe kwa karatasi. Tuanze na alichokifanya vizuri, na tukigusa kosa, liwe kosa la wengi, lizungumzwe kama hatua ya kazi. Mwalimu anayeweka ukutani daftari la mtoto ili wenzake wamcheke anaumiza kuliko kiboko, na kamera inalikuza lile umizo mbele ya darasa zima. Afadhali kifaa kibaki kabatini.

Kingine ninachokipinga ni kuigeuza kamera kuwa mashine ya kunakilisha. Mwalimu anaweka ukurasa wa kitabu chini yake, anawaambia watoto wauandike wote, anaketi. Tangu mpango wa Tusome, wa kufundisha kusoma, ulipoingia shule za umma nchini mwaka 2015, lengo limekuwa kila mtoto wa gredi za chini awe na kitabu chake cha kusoma mkononi. Kama anacho, aufungue ukurasa, auguse kwa kidole, asome. Kamera ina kazi pale penye mwendo, pale kitu kinapotendeka hatua kwa hatua. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Kwangu mimi dakika kumi za ukutani zinatosha. Baada ya hapo naizima, maana kuandika kunajifunzwa kwa kuandika, na nafasi yangu ni kati ya madawati, nikiwashika mkono wanaohitaji kushikwa.

Najua swali linalokuja: pesa zitoke wapi, wakati madawati hayatoshi na choo kinavuja? Ni swali la haki, na ninalijibu hivi. Shule isiyo na vitabu inunue vitabu. Shule isiyo na paa iezeke. Ila penye projekta inayolala, kilichobaki ni kidogo sana, na wauzaji wasitudanganye. Watakwambia kamera ya megapikseli 13, yaani picha yenye nukta (pikseli) milioni 13, ni bora kuliko ya nane. Projekta nyingi tulizonazo zinatoa picha ya pikseli 1280 kwa 800, yaani takribani milioni moja tu. Pikseli za ziada za kamera zinasaidia unapokuza sehemu ndogo ya ukurasa. Vinginevyo hazifiki ukutani. Simu ya kawaida ya mwalimu inatosha kabisa. Fundi seremala akutengenezee kibao chenye tundu, kikae juu ya miguu minne kimo cha mkono kutoka mezani, simu ilale juu yake ikitazama chini kupitia tundu, waya uende kwenye kipakatalishi. Weka simu katika hali ya ndege ujumbe wa nyumbani usitokee ukutani. Kwenye simu nyingi, ukibonyeza kioo na kukishikilia, ulengaji unafungwa, na picha haitakuwa ikififia na kurudi kila mkono unapopita.

Kinachowashinda walimu wengi ni mwanga. Madirisha ya Pwani ni makubwa na jua letu halina simile. Projekta ya lumeni 3000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wake) ikielekezwa ukuta unaopigwa na jua haionyeshi kitu, mwalimu anakata tamaa siku ya kwanza na projekta inarudi kabatini. Usitumie ukuta wa mbele kwa sababu tu ndiko ubao uliko. Chagua ukuta ulio upande uleule wa madirisha yanayopigwa na jua, sehemu iliyo kati ya dirisha na dirisha au kwenye kona, upake rangi nyeupe isiyong'aa, na utundike leso mbili nzito kwenye dirisha lililo karibu. Kisha mezani taa itoke ubavuni, si juu. Ikitoka juu, karatasi yenye kung'aa inageuka doa jeupe.

Stima ikipotea? Inapotea, na sote tunajua. Chaki iwe mfukoni daima. Mwalimu anayeandaa somo kiasi kwamba haliwezi kuendelea bila kamera amekosea maandalizi. Vijiti vyangu vya hesabu havijui kama umeme upo, na daftari lililoandikwa vizuri naweza kulishika na kupita nalo mstari kwa mstari. Inachukua muda mrefu zaidi, basi.

Limebaki suala moja ambalo katika vikao vya walimu huamuliwa kimyakimya, nami naliona limeamuliwa kinyume. Projekta ikiwa ni moja shuleni, hupewa gredi za juu, kwa hoja kwamba wao ndio wana mitihani. Lakini mtoto wa gredi ya sita anaweza kusoma maelezo ya kitabu mwenyewe, na kilichoandikwa ubaoni kinamtosha kwa sababu tayari anajua namna kilivyoandikwa. Wa gredi ya kwanza hana njia nyingine ya kujua isipokuwa kuuona mkono. Projekta ianzie kwake, vipindi vya kwanza vya asubuhi, akili ikiwa bado mbichi na jua halijapanda. Gredi ya sita waichukue baada ya mapumziko.