Watoto hutumwa dukani, si kanisani

Jumapili kabla ya saa 1 asubuhi, mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, utawaona watoto kwa makundi wakielekea kanisani. Viatu vimepigwa kiwi, sarafu ya sadaka imefumbatwa kiganjani. Baba zao wako nje na bukta, wanaosha gari au wanabishana kuhusu mechi ya jana. Nawafahamu vizuri kwa sababu nami nilikuwa mwenzao kwa karibu miaka miwili.

Sikuwa nimeasi. Wiki nzima ni kazi na foleni, nikajiambia Mungu anaelewa. Ibada niliisikiliza kwenye simu, bahasha ya ahadi akaipeleka mama watoto.

Aliyenishtua ni kijana wetu mkubwa, akiwa kwenye mafundisho ya kipaimara, yale ya kumwandaa kijana kubarikiwa kanisani. Asubuhi moja aligoma kuamka. Nikafoka. Akanijibu taratibu tu: "Baba, mimi nikishabarikiwa nitakuwa nasali kwenye simu kama wewe."

Nilikosa la kusema. Na kilichoniuma zaidi ni kitabu alichokuwa akikariri. Katekisimu Ndogo, ambayo watoto wa Kilutheri wanaikariri hadi leo, Martin Luther aliiandika mwaka 1529 baada ya kutembelea sharika za Saxony, huko Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata misingi ya imani yao. Ukiangalia vichwa vya sehemu zake, anamtaja baba mwenye nyumba: hivi ndivyo awafundishe watu wa nyumbani mwake. Yaani kile kitabu kilikuwa changu. Mimi nilikuwa nimemwachia mwinjilisti, kama mtu anavyoacha suruali kwa fundi akaishone.

Sisemi kanisani hakuchoshi. Kuna Jumapili matangazo yanakaribia kuzidi mahubiri, na michango nayo haiishi. Najua familia zilizoacha kwenda kwa sababu ya aibu tu: hakuna cha kuweka kwenye bahasha, nguo ni zile zile. Hao siwalaumu; hapo wa kuulizwa ni sisi tunaowatazama viatu wakiingia. Nesi wa zamu ya usiku na dereva wa basi la mikoani nao wana ratiba zao. Nawasema wale tulio nyumbani, wazima, ambao kanisa letu ni Krismasi na Pasaka. Injili ya Luka inasema Yesu aliingia sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Desturi haijengwi kwa siku mbili za mwaka.

Simu inakupa mahubiri, pengine mazuri kuliko ya kwetu. Haikupi mnada. Baada ya ibada, asiye na fedha ameleta papai, mwingine mayai, mwingine mkungu wa ndizi, na watu wanapandishiana bei huku wakicheka. Yai moja linaweza kufika shilingi 5,000 na hakuna anayeshangaa. Binti yangu mdogo alijifunza utoaji pale kabla hajajua kusoma. Pale pale ndipo wazee walipozijua sura za wanangu. Siku hizi tukikosa Jumapili mbili, mzee wa kanisa anapiga simu: "Mko salama huko?" Mama mkwe alipofariki, wanajumuiya walifika na turubai na masufuria kabla ndugu wa mkoani hawajapata tiketi za basi. Mtu ambaye hajawahi kuonekana, nani atajua kwamba amefiwa?

Sasa tunakwenda wote, ibada ya kwanza, benchi la nne upande wa kushoto. Kijana bado ananuna kuamshwa alfajiri, na simlazimishi atabasamu. Jumapili iliyopita nilisinzia katikati ya mahubiri. Yeye ndiye aliyenipiga kiwiko.