Kompyuta haikuua dansi, ila imetuchukulia kingine

Kila ninapokaa na wazee wa muziki wa dansi hapa Dar es Salaam, mazungumzo hufika palepale: vijana wa siku hizi hawapigi vyombo, wanabonyeza kompyuta. Na kila ninapoingia studio ya kijana, chumba cha kupanga chenye godoro lililosimamishwa ukutani na trei za mayai zilizobandikwa darini, nakutana na jibu lake: braza, hii laptopu inafanya kazi ya bendi nzima, na sikumpigia mtu magoti. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka. Naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, na pande zote mbili zimeliacha kando jambo lenye uzito zaidi.

Shutuma ya wazee isichukuliwe kirahisi. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi iliingia studio yote: solo, ridhimu, besi, tumba, tarumbeta, saksafoni, na waimbaji wakigawana maiki chache. Kanda ikianza kuzunguka, wote walipiga kwa pamoja mpaka mwisho. Mpiga besi akiteleza, wimbo ulirudiwa wote. Kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kwenda studio na wimbo mbichi. Ulikuwa umeshapigwa ukumbini wiki kwa wiki, wachezaji wameukubali, na sehemu iliyopwaya imekazwa. Ukisikiliza rekodi za wakati huo utasikia bendi ikiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, na kasi ikapanda kidogo, bila mtu kuamua, kwa kuwa watu kumi na kitu wamepandwa na mori kwa wakati mmoja. Kwenye programu ya kurekodia kasi ni namba, mapigo kwa dakika. Ukiandika 104 inabaki 104 mpaka wimbo uishe, labda ukae uchore mwenyewe mpando ule, na ni wachache wanaouchora.

Leo maneno yanaandikwa saa nne usiku, saa sita vokali, yaani sauti ya kuimba, inaingizwa, mstari mmoja mmoja. Kosa linakatwa, linabandikwa zuri. Kiitikio kinaimbwa mara moja, kinanakiliwa mara nne. Kinachopotea hapo ni yale mazoezi, na sauti ya mwimbaji aliyeishi na wimbo wake kabla ya kuurekodi. Hilo nawapa wazee, mia kwa mia.

Lakini wakisema kompyuta ndiyo iliyoua bendi, hesabu haikubali. Bendi zetu kubwa zilibebwa na taasisi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park iliyoanza 1978 ilikuja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Magitaa, spika na mishahara vilitoka huko. Uchumi ulipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, taasisi hizo zikaanza kuachia mkono, na mwanamuziki asiye na gitaa lake mwenyewe akajikuta hana kazi. Kisha zikaja redio binafsi, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, na masikio ya vijana yakaenda kwingine. Na kompyuta? Pro Tools, programu ya kurekodia, ilipotoka Marekani mwaka 1991 ilikuwa na traki nne tu na bei ya dola kama 6,000. Nani Kinondoni angeinunua? FruityLoops ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ambayo tangu 2003 tunaiita FL Studio, ilifika mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwanzoni ilikuwa chombo kidogo cha kupangia ngoma. Mgonjwa alikuwa kitandani kabla mshitakiwa hajazaliwa.

Upande wa vijana nao una hoja isiyopingika. Wakati Bongo Fleva inakua, studio zenye jina zilikuwa za kuhesabika: Bongo Records ya P-Funk Majani, MJ Records ya Master Jay, na nyingine chache. Waliomo humo walifanya kazi kubwa sana. Hata hivyo mlango ulikuwa mwembamba, na msanii wa mkoani alilazimika kwanza kutafuta nauli, kisha pa kulala, kisha mtu wa kumfikisha kwa prodyuza. Sasa kuna programu za kurekodia kwa kila mfuko: Audacity ni ya bure tangu 2000. Reaper inauza leseni ya mtu binafsi kwa dola 60. Vijana wengine wanarekodi kwenye simu. Kwa binti, tofauti ni kubwa zaidi ya fedha. Saa za studio ni za usiku, wenyewe ni wanaume, na mzazi mwenye wasiwasi hana kosa. Binti mwenye maiki moja na laptopu nyumbani kwao anaimba saa kumi alasiri na mlango uko wazi. Huwa nashangaa kwamba faida hii haitajwi katika mabishano haya.

Halafu kuna singeli, inayowasumbua wazee kuliko kitu chochote. Imetoka uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, ambako kabla yake kulikuwa na mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio. Vijana walichukua vipande vya taarab, wakaviharakisha, wakaviweka juu ya ngoma zinazokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, nyingine zikikaribia 300. Programu nyingi za kurekodia ukizifungua zinakukaribisha na 120. Kwa hiyo watu wasio na fedha ya kununua leseni, wasiofundishwa na mtu, ndio waliokataa walichopewa na mashine wakaisukuma kwenda mahali ambapo watengenezaji wake hawakupawazia. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na muziki huo ukafika kwenye majukwaa ya Ulaya.

Mzee mmoja aliniambia zile ni kelele. Nikamwomba twende naye kwenye kigodoro, sherehe ya usiku ya mtaani, tukasimama pembeni. Alichokiona ni hiki: mpigaji anaweka biti, umati ukipoa anabadilisha papo hapo, ukichangamka anaing'ang'ania. Biti isiyokubalika mtaani haifiki kesho. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na ukumbi wa dansi. Singeli imetengenezwa kwa kompyuta mwanzo hadi mwisho, na bado imebaki na hukumu ya watu waliosimama mbele ya spika, ambayo nyimbo nyingi za vokali safi na biti tamu hazijawahi kuipitia. Mzee hakuupenda muziki wenyewe. Lakini tulipokuwa tunaondoka hakusema tena habari ya kubonyeza.

Hapo ndipo ninapoachana na vijana nao, maana wanasifu uhuru wa programu kana kwamba programu haina matakwa yake. Inayo. Chukua taarab ya Unguja. Tangu kabla kikundi cha Ikhwani Safaa hakijaanzishwa mwaka 1905, muziki huo umebeba maqam za Kiarabu, yaani ngazi zao za noti. Ukianza maqam ya rast kwenye noti ya do, noti yake ya tatu haimo kwenye kinanda hata kidogo, iko kati ya kibonyezo cheusi na kile cheupe kinachofuata. Mpiga udi anaipata kwa kidole, fidla inaipata, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ina vibapa vidogo vya kugeuza kwa ajili hiyo hiyo, na mwimbaji aliyelelewa na taarab anaipata akiwa amefumba macho. Sasa mpeleke mwimbaji huyo studio ya kawaida. Programu imegawa ngazi yake katika noti 12, basi. Prodyuza anaweka Auto-Tune, kifaa cha kampuni ya Antares kilichotoka 1997, kazi ya mhandisi Andy Hildebrand ambaye kabla yake alikuwa akichambua mawimbi ya kutafutia mafuta ardhini. Kazi yake ni kuivuta sauti kwenye noti iliyo karibu. Kwa hiyo noti ambayo bibi yake mwimbaji aliitafuta maisha yake yote inahesabiwa kuwa kosa, na inanyooshwa.

Kibaya zaidi ni kwamba hakuna anayesikia kilichotoka. Wimbo unaonekana safi. Kijana anayejifunza kwa kusikiliza rekodi hiyo anajifunza noti 12, na baada ya miaka ishirini ile ya katikati itaonekana kweli kuwa ni kuimba vibaya.

Haki itendeke: programu zenyewe zinaweza. Nyingi zinaruhusu kuisogeza noti juu au chini kidogo kidogo. Ableton Live toleo la 12, la 2024, imekuja na mifumo mingine ya kutyuni ndani yake. Auto-Tune nayo inaweza kuambiwa noti zipi iziache au kazi ilegezwe, au izimwe kabisa. Lakini kila kimoja kati ya hivyo kinataka mtu anayejua anachokitafuta. Asiyejua anachukua mpangilio wa kiwandani, na mpangilio wa kiwandani haukuwekwa na mtu wa Malindi wala Ng'ambo, mitaa ya mji wa Unguja.

Kuna hasara ya pili, ambayo naiona kubwa kuliko zote, na hakuna mzee wala kijana anayeizungumzia. Kanda za Radio Tanzania zipo. Zimezeeka, zina vumbi, lakini ziko TBC, shirika la utangazaji la taifa, na mashine ya kanda ikiwashwa, sauti ya mtu aliyefariki miaka arobaini iliyopita inatoka. Nyimbo za kompyuta za miaka ya 2000 ziko wapi?

Rafiki yangu alitoa wimbo mwaka 2006 uliochezwa sana redioni kwa msimu mmoja. Juzi juzi alitaka kuurudia na bendi ya vyombo, akaomba traki zake: besi peke yake, kinanda peke yake, vokali bila biti. Prodyuza wake, mtu mwema kabisa, alikuwa bado na diski ya zamani kabatini. Diski ikasoma, mradi ukafunguka, sote tukafurahi. Tulipobonyeza pleya, ngoma zilisikika, basi. Sauti za kinanda na za nyuzi zilitoka kwenye plagini za kreki, yaani programu ndogo za ziada zilizovunjwa kufuli na kutumiwa bila leseni, ambazo hazipo tena popote, na vokali zilikuwa kwenye folda ya kompyuta iliyouzwa kitambo. Kwenye skrini tuliona noti zote, zimepangwa vizuri, kimya. Kilichobaki ni MP3 ya kilobiti 128, yenye karibu sehemu moja tu kati ya kumi na moja ya data ambayo ingekuwa kwenye CD.

Kreki zina lawama zake hapa. Naelewa kwa nini zinatumika, na simhukumu kijana ambaye leseni ni mshahara wake wa mwezi. Toleo la bei ya chini la FL Studio halikuwa hata likirekodi sauti ya maiki. Lakini mwenye leseni ya Image-Line anapata matoleo mapya bure maisha yote, na wa kreki anabaki na faili ambalo kesho halimtambui.

Dawa yenyewe ni ndogo mno ukilinganisha na hasara. Wimbo ukishamalizwa, kila traki itolewe peke yake kama faili la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri ili programu yoyote izipange, pamoja na karatasi yenye kasi, ufunguo wa wimbo na majina ya waliopiga. Traki 30 za mono za dakika nne, kwa ubora wa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama gigabaiti moja, na flashi ya bei ya chini kabisa inazibeba nyimbo kadhaa za namna hiyo. Nakala moja ibaki kwa msanii, na iandikwe kwenye makubaliano kabla maiki haijawashwa, maana msanii mchanga akiondoka studio na MP3 kwenye WhatsApp hudhani ameondoka na wimbo wake.

Rafiki yangu hakukata tamaa. Alimtafuta mpiga besi wa dansi, mtu wa makamo, aliyekuwa akipiga baa za Sinza. Yule bwana alikaa na hedifoni siku mbili, MP3 ile ikirudia na kurudia, akiitafuta besi chini ya ngoma, noti baada ya noti. Sehemu moja ya kiitikio hakuipata kabisa, akaweka ya kwake.