Mauaji ya Rwanda katika riwaya za Kifaransa: nani ana haki ya kuyatungia kisa?

Mwaka 1998, miaka minne baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kundi la waandishi wa Afrika lilialikwa Rwanda na waandaaji wa Fest'Africa, tamasha la fasihi ya Afrika, ili waandike kuhusu yaliyotokea. Kufikia 2000 vitabu vilikuwa vimetoka. Boubacar Boris Diop wa Senegal aliandika riwaya, Murambi, le livre des ossements (Murambi, kitabu cha mifupa), kuhusu mauaji ya Murambi, kusini mwa Rwanda. Je, mtu ambaye hakufiwa ana haki ya kutunga kisa kwa vifo vya wengine?

Wanaopinga wana hoja nzito. Manusura akisema "niliona", anasimama nyuma ya kauli yake. Mtunzi hubuni, na wanaokana mauaji hayo hutafuta mwanya wowote wa kudai kwamba yote ni hadithi tu. Halafu kuna suala la msomaji: riwaya inachapishwa Paris, kwa lugha ambayo wengi waliofiwa vijijini hawaisomi. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Diop mwenyewe baadaye aliandika riwaya kwa Kiwolofu, Doomi Golo (2003), lakini hilo linamfaa msomaji wa Dakar, si mjane wa Murambi.

Hata hivyo, ushuhuda una mpaka wake: waliouawa hawawezi kuutoa, na wauaji hujitetea. Katika riwaya ya Diop, Cornelius anarudi kutoka uhamishoni na kugundua kwamba baba yake, daktari aliyeheshimiwa, ndiye aliyepanga mauaji ya shule ya ufundi ya Murambi. Mke na watoto wa daktari huyo mwenyewe walikuwa miongoni mwa waliouawa. Hapo msomaji hapati nafasi ya kujifariji kwamba mauaji yalikuwa wazimu wa watu wasiosoma. Sidhani ripoti ingetufikisha hapo.

Scholastique Mukasonga, mwandishi Mtutsi kutoka Rwanda aliyepoteza jamaa wengi mwaka 1994, anatatiza kabisa mgawanyo huo kati ya mfiwa na mtunzi. Alianza na kumbukumbu. La Femme aux pieds nus (2008) ni sanda ya maneno kwa mama yake, kwa kuwa Mukasonga hakuwepo kuufunika mwili wake. Kisha akageukia riwaya, na Notre-Dame du Nil ikapata Renaudot, tuzo ya fasihi ya Ufaransa, mwaka 2012. Kama mfiwa mwenyewe anahitaji ubunifu, siwezi kukubali kwamba ubunifu ni dhambi. Ninachodai ni kwa wachapishaji wa Paris: sehemu ya mapato ya vitabu hivi ilipie tafsiri za Kinyarwanda, na nakala ziwekwe katika maktaba za wilaya ambako watu hawa waliuawa.